Saa ya Mjomba Ilipoingia Maji Kitale

Sisi watu wa mwambao tumezaliwa kando ya maji, tukaogelea kabla ya kusoma, na kwa hivyo hujiona kwamba hapana mtu wa bara awezaye kutufundisha habari za maji. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye majivuno hayo mpaka tarehe 1 Mei 2024, nilipokuwa Kitale, mji ulio juu penye baridi yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na saa isiyokuwa yangu ikanifia mkononi.

Naam, haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, aliyeinunua Maskati mwaka 1972, siku zile watu wengi wa Unguja na wa pwani yetu walipokuwa wakienda Omani baada ya Sultani Qaboos kukalia kiti mwezi wa Julai 1970. Mjomba alirudi na vitu vitatu: sanduku la chuma, kikohozi, na saa ya Omega Seamaster. Sanduku liliingia kutu, kikohozi kilimwondoa, saa ikabaki. Ni saa ya vito 24, isiyotaka kutiwa ufunguo kila siku, kwani ndani yake mna chuma kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mtu anapotikisa mkono, na mzunguko huo ndio unaoikaza kamani. Warithi walipokwisha kugawana, saa iliangukia fungu la mwanawe wa kiume, ambaye ni mwalimu wa shule huko Bungoma. Mimi nilikuwa na safari yangu ya Kitale, kwenye arusi, na mkaza mjomba akanikabidhi saa imefungwa ndani ya leso.

"Mwanangu, hii ni amana," alisema. "Mpe nduguyo mkononi mwake."

Sasa hapa nitakiri jambo. Nilipofika stesheni ya mabasi Mombasa niliifungua ile leso, nikaivaa saa. Nilijiambia nafanya hivyo kwa kuogopa wezi wa mifukoni. Hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba tangu utotoni nilikuwa nikiiona mkononi mwa mjomba anapokuja kwetu Idi, na nilitaka kujua inakaaje mkononi mwangu. Ilikaa vizuri sana.

Watu wa rika langu watakumbuka jinsi saa ilivyokuwa na heshima. Sultani Qaboos mwenyewe aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, usoni zimepigwa nembo ya jambia, za kuwatunukia watu, na leo saa hizo hunadiwa Ulaya kwa mali nyingi. Ya mjomba haikuwa na jambia. Ilikuwa ya dukani, ya kijana aliyeweka akiba. Tarehe 25 Desemba 1969 Wajapani wa Seiko walikuwa wamekwisha kutoa saa ya mkono ya kwanza ya betri yenye jiwe la kwatsi, lakini nani Maskati aliijua? Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, viwanda vya saa vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970 vilikuwa vimebakiwa na theluthi tu. Saa ya mjomba ni ya watu wale wa kabla ya dhoruba.

MAJI YALIPITA WAPI?

Nilifika Kitale jioni ya tarehe 30 Aprili. Asubuhi ya pili yake niliitazama saa nikaona kijidirisha cha tarehe kimeandika 31. Saa ya zamani haijui kwamba Aprili ina siku 30. Mtu ndiye anayeipeleka mbele. Basi nikauvuta nje ule ufunguo wa ubavuni, nikaipeleka tarehe mpaka 1, nikashuka kunywa chai. Sikuurudisha ufunguo ndani barabara.

Katika saa nyingi za siku hizi ufunguo ukiwa nje akrabu ya sekunde husimama, na mwenye saa akajua. Mtambo huu wa Omega hausimami. Akrabu iliendelea kuzunguka kama kwamba hapana lililotokea, ilhali mlango u wazi.

Mvua za mwaka ule wa 2024 kila mtu anazikumbuka. Nchi nzima ilikuwa mafuriko, na hata shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili ziliahirishwa. Kitale haikuwa na mafuriko ya kutisha, lakini mvua yake ya mchana si ya mchezo. Ilinikuta njiani nikitoka sokoni, na kabla sijafika barazani nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa. Saa ilikuwa imeandikwa mgongoni kwamba haiingii maji, nami niliamini maandishi.

Maneno hayo yana historia yake. Mwaka 1926 Rolex walitoa kasha lao walilolipa jina la Oyster, yaani chaza, na mwezi wa Oktoba 1927 mwanamke Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliogelea mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Baada ya siku chache akarudia kuogelea akiwa na saa hiyo shingoni. Alishindwa na baridi kabla ya kufika, lakini saa ilitoka inakwenda, na tangazo likajaza ukurasa wa mbele wa gazeti la London. Tangu hapo kila kiwanda kikadai saa zake haziingii maji, hata Wamarekani wakaona katika miaka ya 1960 neno hilo ni udanganyifu, wakataka liandikwe tu kwamba saa "inastahimili" maji. Maana kinachozuia maji ni vipande vya mpira: kimoja chini ya kifuniko cha mgongoni, kingine ndani ya ufunguo, na kioo chenyewe kilivyobana. Mpira huzeeka. Wa mjomba ulikuwa na umri wa miaka 52.

UMANDE NDANI YA KIOO

Usiku, arusini, niliona ukungu chini ya kioo. Bi mwenye nyumba, mtu mwema kabisa, akaniambia niitie saa ndani ya mchele mkavu, mchele hunyonya maji. Nikaitia. Asubuhi ukungu ulikuwapo vile vile na saa ilikuwa imesimama. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba hilo ni jambo ambalo watu hulifanya dunia nzima wala halifai kitu, kwa kuwa kasha limefungwa, na mvuke ulio ndani hauna njia ya kuufikia mchele. Ninachokuwa nimekifanya ni kuipa kutu saa kumi na mbili za kufanya kazi yake bila kusumbuliwa.

Asubuhi ya tarehe 2 nilimtafuta fundi saa. Zamani hapakuwa na mji wa reli usiokuwa na fundi saa, na Kitale ilipata reli yake mwaka 1926. Leo ilinibidi niulize watu watano. Nilimkuta mzee mmoja barazani mwa duka la nguo, kijimeza chake cha kioo kimejaa kanda za saa, betri na vifuniko vya simu, maana kwa saa peke yake haishi mtu. Alisema ufundi aliupata kwa Mhindi mmoja pale pale mjini, tangu akiwa kijana wa kufagia duka.

"Umeitia ufunguo baada ya kusimama?" aliniuliza kabla hata ya salamu kwisha.

"Hapana, mzee."

"Umeiweka juani?"

"Niliiweka ndani ya mchele."

Aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mtu aliyempaka mgonjwa samli kwenye jeraha. Akaitia lenzi jichoni, akafungua kifuniko, na tone la maji likaanguka juu ya karatasi. Akanionyesha. Mtambo wa Omega wa miaka ile una rangi ya shaba nyekundu, mzuri kama kito. Lakini pembeni, penye kile kijiti cha ufunguo, palikuwa na unga wa rangi ya udongo.

Alinifahamisha hivi. Ndani ya saa sehemu kubwa ni shaba ya manjano, nayo haili kutu upesi. Zinazokufa ni zile za chuma cha pua: kijiti cha ufunguo, vijispringi vinavyokishika, bisibisi zikazavyo, na ncha za magurudumu. Ncha za gurudumu la mizani, lile linalokwenda huku na huku, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unywele na kidogo. Kutu kidogo tu ikishika pale, saa imekwisha. Na maji ya mvua ni afadhali. Ingekuwa ni bahari yetu, alisema, asingehangaika kuifungua isipokuwa kama ameitiwa dakika ile ile, na dawa yake ya kwanza ingekuwa kuisuuza kwa maji matamu, jambo ambalo mwenye saa hakubali akiambiwa.

Tena akasema jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Alisema hata bila mvua saa hiyo ingepata ukungu Kitale. Hewa ya Mombasa ina joto na unyevu mwingi. Ikiingia ndani ya kasha kwa mpira mbovu, kisha ukaipeleka saa penye baridi ya usiku wa huku juu, unyevu ule hugeuka umande chini ya kioo, kama vile glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho barazani kwetu. "Saa za watu wa pwani nazijua," alisema. "Zinakuja na bahari ndani."

Aliilegeza kamani ili mtambo usiwe na nguvu, akautoa mtambo mzima, akaukausha kwa taa, akauchovya katika benzini ili kuyafukuza maji, akaufunga katika kopo lenye kifuniko. Alinitoza shilingi 300. Kuitengeneza alikataa, kwa kuwa hakuwa na kijiti cha Omega, wala macho yake, alisema, si ya kuyashika magurudumu ya mizani tena. Akanielekeza kwa mwenzake Bungoma.

KOPO LA SAA ZILIZOKUFA

Njia ya Kitale kwenda Bungoma hushuka ikipita Kiminini mpaka Webuye, ndipo ukaingia barabara kuu ya Uganda. Kulia kwako, mawingu yakipenda, unauona mlima Elgon. Kila upande ni mahindi na miwa. Mimi sikuona kitu. Kopo lilikuwa mapajani mwangu, nami nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia ndugu yangu.

Kwanza nilikwenda kwa fundi, kwa uoga, ili angalau niwe na habari njema ya kuchanganya na mbaya. Huyu ni Mbukusu wa makamo, mpole, aliyenipokea kwa "mulembe" na kunipa kigoda. Chini ya meza yake ana kopo kubwa la unga wa maziwa, limejaa saa zilizokufa: Roamer, Oris, Favre-Leuba, West End, Seiko, na majina ambayo sikuyasikia tangu baba yangu afe. Watu huziuza kwa shilingi mia au huzisahau. Kopo hilo ndilo ghala lake la vipuri, maana viwanda vikubwa vya Uswisi siku hizi haviuzi vipuri ila kwa mafundi vinavyowatambua vyenyewe, na fundi wa Bungoma si mmoja wao wala hatakuwa. Ndani yake alikuwa na Omega moja iliyovunjika uso na kasha, mtambo wake ndugu wa mtambo wetu, wa ukoo mmoja. Kijiti kingeingia.

Alinieleza kazi yenyewe. Ataufungua mtambo wote, kipande kwa kipande, avipange katika visosi kwa taratibu asije akasahau. Ataviosha kwa benzini kwa brashi. Mashimo ya vito, ambavyo ni yakuti za kutengenezwa, atayasafisha kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha, akikichonga upya kila kinapochafuka, mpaka kitoke cheupe. Penye kutu atakwangua taratibu, na pasipofaa atatupa. Kisha mafuta, tone dogo kwa ncha ya sindano, kwa sababu mafuta yakizidi ni mabaya kama yakipungua. Nilimwuliza kuhusu ule uzi mwembamba wa gurudumu la mizani, unaojikunja kama ushanga wa kono. Alicheka. Alisema hapo Mungu ametuhurumia: saa za zamani sana zilikuwa na uzi wa chuma cha samawati, ukiingia maji umekwisha, lakini tangu miaka ya 1930 Waswisi walipata mchanganyiko wa madini uitwao Nivarox, usiobadilika kwa joto na baridi wala kushikwa na kutu upesi. Uzi ulikuwa mzima.

Uso ndio ulioharibika. Pale penye tarakimu ya 3, ulipo ufunguo, maji yalikuwa yameacha doa la rangi ya chai, na rangi imevimba. "Hilo sigusi," alisema. "Nikilifuta, nafuta na maandishi."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 3. Baada ya sala nilikwenda nyumbani kwa ndugu yangu, nikamweleza mlangoni kabla sijavua viatu.

Hakukasirika. Alikaa kimya, akaniambia: "Kaka, nilikwisha kuiuza."

KARO

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Binti yake aliingia kidato cha kwanza mwaka ule katika shule ya bweni ya kitaifa. Karo iliyowekwa na Serikali kwa shule hizo mwaka ule ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku, sare na nauli. Alikuwa hajalipa hata robo, na kikao cha pili kilikuwa kinakaribia. Bwana mmoja wa Eldoret anayekusanya saa za zamani alikuwa ameona picha ya saa kwa simu, akaahidi shilingi 60,000. Mimi, nikiwa njiani, nilikuwa nimevaa karo ya mtoto mkononi bila kujua.

Siku hiyo hiyo Serikali ikatangaza kuahirisha tena kufunguliwa kwa shule, kwa sababu ya mvua, bila kutaja siku. Sijapata kuona mwalimu akifurahia habari kama ile.

Tulipiga simu kwa duka moja la Nairobi kuuliza kuipeleka saa kwa wenye kampuni. Jibu likawa kwamba itasafirishwa nje, gharama haitapungua dola 600, na kwa bei ya fedha ya mwezi ule, dola ikiwa kama shilingi 130, hizo ni 78,000, kabla ya nauli na bima. Tena wakasema huenda wakabadilisha uso na akrabu kwa vipya. Yaani tulipe zaidi ya thamani ya saa, turudishiwe saa nyingine. Bwana wa Eldoret naye, tulipomwuliza, alisema uso mpya yeye hautaki. Wakusanyaji wa saa wanataka uso wa asili, na uso mpya kwao ni kama msahafu wa kale uliotiwa jalada la plastiki.

Kwa hivyo fundi wa Bungoma akaendelea. Kulikuwa na suala jingine, nalo nilimpelekea shekhe mmoja: je, mimi ni mdhamini? Nilikuwa na hoja yangu tayari, kwamba aliyewekewa amana hadhamini kinachoharibika bila uzembe, na mvua ni ya Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: "Mkaza mjomba alikwambia uivae?" Nikasema hapana. "Na ufunguo uliuvuta wewe?" Nikasema ndiyo. Hakuniuliza la tatu, wala mimi sikusubiri jibu.

Tarehe 11 Mei, Jumamosi, fundi alituita. Saa ilikuwa inakwenda. Mtambo ule hupiga mara 19,800 kwa saa moja, ambayo ni mara 475,200 kwa usiku na mchana. Kwa siku tatu alizoijaribu ilizidi sekunde 20 kwa siku, naye alikuwa akiona haya kwa sekunde hizo kama mpishi aliyezidisha chumvi. Kwa kuifungua, kuiosha na kuitia mafuta alitutoza shilingi 3,500. Kijiti, springi yake na ufunguo kutoka kwa ile maiti, 2,200. Mipira miwili mipya, 400. Ukiongeza 300 za Kitale, jumla 6,400. Aliijaribu ndani ya glasi ya maji mbele yetu, mimi nikageuza uso.

Jioni hiyo tulikaa nje tukingoja Maghribi, saa i mezani, na ndugu yangu akanionyesha jambo ambalo anasema kila mgeni wa pwani hulikosea. Saa ya Bungoma na ya Mombasa ni moja kwa serikali, lakini Bungoma iko magharibi ya Mombasa kwa nyuzi tano hivi za dunia, na jua huchukua dakika nne kwa kila uzi. Mombasa watu walikuwa wamekwisha kusali na kutoka msikitini, sisi jua bado tunaliona juu ya miwa. Mjomba aliwahi kuja mara moja kumtembelea, akasumbuka na dakika 20 hizo siku zote alizokaa, akiitazama saa yake na kuitilia shaka.

Bwana wa Eldoret alikuja Jumapili. Aliufungua mgongo, akausifu mtambo, akaliona doa, akasema 45,000. Ndugu yangu hakubishana. Nami sikuwa na uso wa kubishana. Kesho yake, tarehe 13, shule zilifunguliwa. Elfu 15 zilizopungua, na zile 6,400 za mafundi, zilikuwa juu yangu: jumla shilingi 21,400. Nilikuwa na 9,000 mfukoni, zikatoka pale pale. Zilizobaki nilizituma kwa simu kidogo kidogo, na za mwisho zilikwenda mwezi wa Septemba.

Mkaza mjomba alinipigia simu kabla sijaondoka Bungoma, kuuliza kama amana imefika. Nilimwambia imefika, nikamweleza na yote, mvua, mchele, doa na bei. Alinyamaza kitambo, nikasikia adhana ya kwao nyuma yake. Kisha akauliza kama mtoto amekwenda shule. Nikamwambia ameondoka alfajiri.